Unyoya wa Asali

Ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia Tabora, nilikuwa Kaliua nikiuza mitumba. Nilirudi Tabora mjini, mtaa wa Isevya, kwa shangazi, fundi cherehani aliyenilea. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa surua utotoni. La kulia ndilo lililotunga uzi, likapima nguo, likatulisha.

Nilikuta karibu nyumba nzima macho yamevimba, yamejaa tongo. Baba mdogo alikuwa na chupa ya asali ya nyuki wadogo kutoka Puge. Alichovya unyoya wa kuku, akampaka huyu jichoni, akachovya tena, akampaka yule. Unyoya uleule.

Niliwaambia nilichosikia kwa muuguzi mmoja huko Kaliua: ugonjwa huu husambaa kwa mikono na taulo, na mara nyingi huisha wenyewe. Nawa kwa sabuni, futa tongo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila mtu na kitambaa chake. Usitie jichoni kitu usichopewa hospitali. Jicho likiuma sana, likikataa mwanga au likiona ukungu, usingoje.

"Shikamoo, daktari!" baba mdogo alinikejeli, watu wakacheka. "Miaka yote unazurura na reli, leo umeshukia udaktari? Asali hii ilimtibu babu yako."

"Babu alikufa kipofu, baba mdogo."

"Alikufa mzee."

Shangazi peke yake alikuwa hajaugua. Nilimsihi asipakwe. Lakini kwetu ukikataa dawa ya nyumbani, umewaambia ndugu zako ni wachafu. Alimgeukia baba mdogo, akainua uso.

"Nipake tu, mdogo wangu. Wasije wakasema naringa."

Wengine walipona, kama muuguzi alivyosema. Sifa ikaenda kwa asali. Shangazi alijifunika kanga usoni, mwanga wa mlangoni ukimchoma kama pilipili. Nikisema hospitali, najibiwa asali bado inafanya kazi. Nilipompeleka hospitali kwa nguvu, daktari alikuta kidonda kwenye kioo cha jicho la kulia. Aliuliza kilichotiwa humo. Nikamtajia asali na unyoya. Kidonda kilipona, kikaacha kovu jeupe. Sasa anaona kivuli cha mtu, si sura. Cherehani wameiwekea ndoo juu.

Mwaka huu nilipita tena. Baba mdogo alikuwa akiwasimulia wageni jinsi asali ilivyoponya nyumba nzima.

"Isipokuwa mmoja," nikasema.

"Ah, huyo jicho lake lilikuwa bovu tangu zamani."

Wageni walicheka. Shangazi, kwenye mkeka wake, akacheka nao.