Linet wa Macalder Aliuliza Nyota Changa Ni Ipi

Saa tatu asubuhi, Linet anatikisa karai lake kando ya kidimbwi cha maji mekundu huku Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Vumbi la mawe linatoka na maji, mchanga mweusi unabaki. Hainui kichwa hata mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi anapomsalimia mara ya pili.

"Mama, wenzako wamenipa vitambulisho. Umebaki wewe."

"Basi nimebaki," anajibu.

Mwanamume huyo anajiita Maxwell. Ana simu yenye picha za nyota, na anasema kuna kazi ya kuzitia alama, malipo yatafuata. Anataka kitambulisho tu, akae nacho siku mbili. Wanawake tisa wameshatoa.

Wazazi wenzangu mnaosoma haya, hapo ndipo mtu anafaa kushtuka.

Linet ameosha dhahabu miaka kumi na minne, makarai thelathini kwa siku, na mgongo umemchakaa hadi kanisani anakaa kwa upande. Mwaka juzi alitoa nakala ya kitambulisho kwa watu waliosema wanaleta mbegu. Mbegu hazikuja. Ilikuja karatasi inayosema amekubali shamba la marehemu mumewe lichimbwe. Alizunguka ofisi kwa ofisi miezi saba hadi ikafutwa.

Kazi ya nyota yenyewe ipo. Binti yake Rael, wa kidato cha tatu Kendu Bay, aliileta nyumbani likizo ya Aprili. Wanasayansi wana picha nyingi kuliko macho, kwa hiyo watu hujitolea kuwasaidia kuzitazama. Hakuna malipo, na hakuna anayeomba kitambulisho.

"Nilidhani wanamdanganya mtoto," Linet anasema. "Nikakaa naye nione."

Aliona galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, mengine hayana umbo, kama uji uliomwagika mezani. Mawili yakigongana, gesi iliyomo hubanwa, na inapobanwa nyota mpya huzaliwa. Huonekana kama madoa ya buluu yenye wekundu kando.

Mara ya kwanza Linet alitia alama ile inayong'aa kupita zote, yenye miale kama msalaba. Rael akacheka. "Mama, hiyo iko karibu na sisi. Imekaa tu mbele ya picha." Linet akaelewa upesi. Kwenye karai pia kuna jiwe linaloishinda dhahabu kwa kung'aa, na si kitu.

Sasa anajifuta mikono kwa leso na kuomba simu ya Maxwell. Ni picha ya galaksi mbili zinazogongana.

"Nyota changa hapa ni ipi, mwalimu?"

Maxwell anaweka kidole juu ya msalaba. "Hii kubwa. Imezaliwa juzi."

"Jumatatu ama Jumanne?" anauliza Phanice, jirani ya Linet, na wanawake wanacheka.

Linet hacheki. "Nyota hazina haja na kitambulisho changu. Wewe unakitaka cha nini?"

Maxwell anaelekea kwenye pikipiki yake, lakini wanawake wameshaizunguka. Bahasha aliyotia vitambulisho inafunguliwa juu ya kiti cha pikipiki. Vitambulisho vinatoka vinane. Cha Phanice, ambaye naye alitoa, hakimo, na Maxwell anaapa hajawahi kukiona.

Kesho Linet atampeleka Phanice kwa chifu, iandikwe kwamba karatasi yoyote itakayotokea na jina lake si yake. Rael akifunga shule Agosti, wataendelea na picha zao.

"Nitaziangalia," Linet anasema. "Lakini kwa simu ya Rael, na mimi nikiwa kando yake."