Kuazimwa Jina

Mpaka leo nikisikia neno "kuazima" damu inanichemka.

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ana kampuni ya malori. Nilikuwa nikifanya kazi ofisini kwake mtaa wa Khuwair ya Kusini, napokea simu na kuchapisha ankara. Skuli sikufika mbali, lakini keki najua kupika, na nilikuwa nikiota duka langu mtaa wa Ansab, mlango wa rangi ya waridi. Ofisi nzima walishachoka na habari za mlango huo.

Siku moja ami akaniita. "Mwanangu, nnataka kukuazima jina."

Nilifurahi mpaka nikambusu mkono. Nilifahamu ananipa jina la kampuni yake kubwa nianzie duka. Kwetu neno ni hilo hilo: ukitoa sufuria umeazima, ukiichukua umeazima. Akanisogezea karatasi, na karatasi ya ami huisomi mbele yake, kama kwamba humwamini. Nikatia saini.

Baadaye ankara zikabadilika. Malori yale yale, madereva wale wale, ila juu jina la kampuni nisiyoijua, anwani yake chumba kimoja huko mtaa wa Hail. Nikadhani ami kapanua biashara. Nikamwombea dua, mjinga mimi.

Nikaenda kuomba mkopo wa wanaoanza biashara. Kijana wa dirishani akatazama kompyuta.

"Dada, wewe huanzi. Una kampuni ya usafirishaji, na mashallah, inaingiza."

"Labda tumefanana majina."

Akanigeuzia skrini. Jina la kampuni ni lile la kwenye ankara, na nambari ya kitambulisho ilikuwa yangu. Maombi yangu yakakataliwa pale pale.

Nilipitia Hail kwanza. Chumba kimefungwa; nikachungulia dirishani, ndani maboksi ya vigae. Kampuni yangu haina hata kiti.

Ofisini nikamkuta ami anakunywa kahawa, nikamuuliza habari ya kampuni hiyo. "Si nilikwambia nnakuazima jina?"

"Nilifahamu unaniazima lako."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Langu ulifanyie nini, uliandike juu ya keki?" Kisha akanieleza bila haya, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Mapato nikiyaweka pahala pamoja, kodi inanila. Nikiyagawa kwenye vikampuni, kila kimoja kinaonekana kidogo, kinatozwa kidogo. Wewe huumii."

"Nimenyimwa duka, ami."

"Subiri miaka miwili mitatu. Nani kafa kwa kukosa keki?"

Baba aliuguzwa hospitali ya serikali miezi mizima, na hatukutozwa hata pesa ya kitanda. Ami alikuwa akija kila siku, anawashukuru wauguzi. Leo kwa kuikwepa kodi anawanyima hao hao, na ankara nachapisha mimi kwa mikono yangu.

Nyumbani mama akasema, "Ami yako huyo. Kakulea."

"Kanilea ndiyo anile?"

Mama akalia, nami nikalia kwa kumliza. Asubuhi nikenda ofisi ya kodi hivyo hivyo, macho yamevimba.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo. "Unasema kampuni si yako?"

"Si yangu."

"Ya nani?"

Tangu nizaliwe sijawahi kumtaja ami kwa jina; kwetu mkubwa hatajwi. Nikalitaja lote: lake, la babu, na la ukoo, ambalo ndilo langu pia. Afisa akaniomba nirudie polepole, aandike.

Nikarudia.