Nilivyokalia Kitimoto cha Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali nyeupe. Nilikuwa nimeambiwa naenda kuajiriwa serikalini, na serikali niliyoijua mimi ni ile ya kwenye kalenda, watu wamevaa nyeupe wamesimama mstari. Nikafika machinjio ya Bariadi alfajiri, nywele nimechana, nanukia sabuni. Mkaguzi wa Nyama, mzee mfupi mwenye sauti ya kusimamisha fahali katikati ya mbio, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe umekuja kuoa?"

"Nimekuja kazini, mzee."

"Haya, bibi harusi yule pale." Akanionyesha rundo la utumbo wa ng'ombe, na ndoo.

Kabla jua halijakaza, ile suruali ilikuwa na rangi ambayo mpaka leo haijapewa jina.

Nilikuwa mhudumu wa machinjio, yaani mtu wa kuvuta maji, kusugua sakafu na kushika miguu ya ng'ombe asiyetaka kushikwa. Nimetoka Tabora, Mnyamwezi, Mwislamu, darasa la saba na cheti chake kimekunjwa mfukoni. Kilichoniroga mahali pale ni muhuri. Mkaguzi akishamaliza kuchana tezi, kupasua ini na kupapasa mapafu, anauchovya muhuri kwenye wino wa zambarau na kuugonga pajani mwa nyama. Kishindo chake nilikuwa nakisikia hadi usingizini.

"Unajua muhuri huu unasema nini?" aliniuliza siku moja.

"Unasema nyama ni nzuri, mzee."

"Hausemi hivyo. Unasema kuna mtu ameiangalia. Sasa wewe ukitaka kuushika, nenda ukasome ujue kuangalia."

Nikaenda masomo ya jioni. Tulikuwa watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagusa masikio. Mwalimu wa Biolojia alitufundisha kwa kichwa cha mbuzi alichokipata kwa mchinjaji jirani. Alitoboa shingo akatuonyesha mabomba mawili, moja la hewa na moja la chakula. "Hayo hayachangii abiria," alisema. Maneno hayo nilikuja kuyalipia mbele ya kata nzima, kama nitakavyoeleza. Kidato cha nne nilifaulu kwa kishindo, hata mwalimu akatoa machozi, ingawa waliokuwa karibu wanadai ulikuwa moshi wa taa. Kisha nikapata cheti cha mifugo, nikakabidhiwa muhuri wangu.

Nilipangiwa kwanza Maswa, pale Binza, chini ya Bwana Mifugo aliyeamini kwamba mkaguzi asiyenoa kisu chake mwenyewe hafai hata kukagua mchicha. Kutoka hapo nikapelekwa Ipililo. Huko ndiko nilikokutana na nguruwe kikazi.

Nilikwenda kwanza kwa shehe. Nikamweleza kwamba wenzetu Wakristo wanakula, na serikali inataka mtu awaangalizie. Shehe akafikiri, akaniambia, "Kuangalia si kula. Watu wasidhurike. Vaa glavu, na ukirudi ujitwaharishe." Mke wangu, Mama Zuhura, alilichukua neno hilo la mwisho kama amri ya jeshi. Kila nilipokagua nguruwe nilioshwa mara saba nyuma ya nyumba, mara moja kwa udongo. Nadhani mimi ndiye mtumishi msafi kuliko wote waliowahi kupita Ipililo.

Kwa nguruwe unachanja misuli ya taya na kukagua ulimi, unatafuta vifuko vidogo vyeupe kama punje za wali. Hao ni watoto wa tegu, mnyoo mrefu. Ukila nyama hiyo haijaiva, tegu anahamia tumboni mwako na kujifanya mwenye nyumba. Nikiona vifuko, nyama nzima inafukiwa, hata mwenye nguruwe alie vipi. Mambo ya kuogopa kwenye nyama ya nguruwe yapo, na tiba yake ni mkaguzi pamoja na moto wa kutosha. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani niliwatetea nguruwe kwa mahaba.

Nilirudishwa Bariadi wakati bado tuko chini ya Shinyanga, hatujawa mkoa. Ndipo redio ikatangaza kwamba duniani kumeingia mafua mapya, yanaitwa mafua ya nguruwe. Redio ilisema yapo ng'ambo. Kufika sokoni kwetu, habari zilikuwa zimeshapanda basi: fulani kala kitimoto kaanguka, fulani kapita tu karibu na jiko kakohoa mpaka kofia ikaruka. Kitimoto, kwa asiyejua, ndilo jina letu la mzaha la nyama ya nguruwe. Ni jina pia la kile kikao ambacho mtu anawekwa mbele na kuulizwa maswali mpaka atoe jasho. Shikeni maana zote mbili.

Pembeni mwa mji, kwenye kata ambayo sitaitaja, alikuwepo Mama Kabula, mjane, mwimbaji wa kwaya, mwenye banda la nguruwe nyuma ya nyumba na jiko la kukaangia mbele. Nguruwe jike wake alikuwa mkubwa kama gari la halmashauri, na ndiye aliyezaa banda zima. Asubuhi moja nilimkuta mlangoni kwangu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma chao, kinachofanana na cha kwetu.

"Mwangaluka, baba. Mtendaji wa Kata kaitisha mkutano leo. Wanataka nguruwe wote wauawe wafukiwe, waanzie kwangu. Baba, wakiwafukia wale, mimi nabaki na nini? Nitaanzaje tena, na umri huu?"

Nikachukua kipimajoto nikaenda naye. Nguruwe hupimwa kwa njia ya nyuma, na hafurahii. Nikampima mmoja mmoja. Joto la nguruwe mzima ni kama thelathini na tisa. Wewe ukifika hapo umeshalala kitandani, yeye anatafuta pumba. Nikaangalia macho, nikasikiliza vifua, nikatazama pua kama zinachuruzika. Wote walikuwa wazima wa afya.

Mkutano ulijaa hadi kuku wakakosa njia. Nikaeleza niliyoyaona. Nikaeleza kwamba mafua haya, pamoja na jina lake, mtu anaambukizwa na mwenzake kwa kupiga chafya na kukohoa, na nyama iliyokaguliwa ikapikwa ikaiva haina namna ya kumpa mtu mafua. Watu wakaanza kutikisa vichwa vya kukubali. Ndipo akasimama Masanja, mchoma nyama ya mbuzi, ambaye jiko lake linatazamana na la Mama Kabula. Mimi na yeye tulizoea kutaniana.

"Bwana Nyama," akasema, "kwanza tuambie. Wewe mwenyewe kitimoto unakulaga?"

"Sili, na sababu unaijua."

"Jamani mmesikia! Mtu hali, anawasifia wenzake wale! Ni sawa na mimi niwauzie mbuzi, halafu nyumbani nile dagaa."

"Si ndivyo unavyofanya!" mama mmoja akadakia kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mtendaji wa Kata akagonga meza. "Swali ni la msingi. Bwana Nyama, kama ni salama, onja kipande kidogo tu mbele ya wananchi, tufunge kikao. La sivyo, kesho tunafukia."

Watu wote wakanigeukia. Nilimwona Mama Kabula akiinamisha uso. Alikuwa ananijua miaka mingi, anajua kwamba sitakula, na wala hakunitazama kwa kuniomba. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilikuwa kitimoto, kwa kitimoto, mbele ya wala kitimoto. Jasho lilinitoka la kutosha kumwagilia heka moja ya pamba.

Nikakumbuka kile kichwa cha mbuzi cha mwalimu wangu.

"Masanja, shingoni mwa mbuzi kuna mabomba mangapi?"

"Mawili."

"Nyama inapita lipi?"

"La chakula."

"Na mafua?"

"La hewa."

"Basi mnanijaribu kwenye bomba ambalo si lenyewe! Kula siwezi, Mungu wangu ananiona. Lakini ugonjwa mnaouogopa si wa kula, ni wa kupumua, na kupumua dini yangu haijanikataza. Mama Kabula, una kiti?"

Akatoa kigoda cha jikoni kwake. Nikaingia nacho bandani, nikakiweka katikati ya nguruwe, nikakaa. Kata nzima ikapanda juu ya uzio. Yule mama nguruwe akaja akaninusa sikio, akanipumulia usoni pumzi ya moto yenye harufu ya pumba, kisha akaweka kidevu juu ya goti langu kama mkwe anayeomba radhi.

"Mwadila, bwana harusi!" Masanja akapiga kelele, kwa salamu ya Kisukuma ya mchana.

Nilikaa tangu adhuhuri hadi alasiri, tunapumuliana. Nilipotoka, Mtendaji alikuna kichwa. "Sawa. Tungoje wiki. Ukipiga chafya hata moja, tunafukia."

Kumbe habari zilishafika wilayani. Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mama mtaratibu asiyependa maneno mengi, alinikalisha ofisini kwake.

"Umethibitisha nini?"

"Kwamba nguruwe hawana mafua, Daktari."

"Hapana. Umethibitisha kwamba unaweza kukaa na nguruwe. Wangekuwa wagonjwa, wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuugua. Ulipima joto kabla ya kukaa?"

"Nilipima. Wote."

Akafunga faili lake. "Basi hapo ulifanya kazi. Hayo mengine ni ngonjera."

Nyumbani Mama Zuhura alinipokea uani na ndoo saba zimepangwa, na pembeni lundo la udongo la kutosha kujengea choo.

Wiki ile haikuwa wiki ya mtu kuzuia chafya. Ulikuwa msimu wa pamba, kiwanda cha kuchambua kinapuliza vumbi lake, mji mzima unapiga chafya kama bendi. Mimi peke yangu nilitembea nimeminya pua. Nikipita, watu wananyamaza wanisikilize. Watoto walinifuata wakisema, "Bado! Bado!" Nilimeza chafya nyingi sana, nina hakika nyingine zimo humu ndani mpaka leo. Kila jioni Mama Kabula alisimama mlangoni kwake akinitazama kwa mbali, mimi namwonyesha dole gumba, yeye anaingia ndani kulisha.

Siku ya mwisho nilikuwa sokoni. Masanja akanijia uso kwa uso, anatabasamu. Akatoa kikopo cha ugoro, akakifungua polepole chini ya pua yangu, akamwaga kiganjani, akapuliza kidogo kuelekea kwangu. Macho yakanijaa maji. Chafya ikanyanyuka kutoka magotini. Nikaona akilini banda tupu la Mama Kabula, nikaona shimo. Nikabana pua kwa mikono miwili, masikio yakapiga honi, nikaimeza.

Upepo ukageuka. Ugoro wote ukamrudia mwenyewe.

Masanja alipiga chafya iliyoangusha nyanya za watu. Akapiga ya pili, ya tatu, anashikilia nguzo. Soko likavunjika mbavu. Katikati ya vicheko yule mama aliyedakia neno la dagaa mkutanoni akapaza sauti:

"Jamani, mafua ya mbuzi!"

Lilikuwa neno la mzaha. Lakini nilimwona mtu mmoja aliyekuwa amesimama jikoni kwa Masanja akirudisha mshikaki kwenye sahani. Na mwingine. Masanja naye aliona. Kicheko kilikuwa kimemwisha usoni.

"Bwana Nyama," akanivuta shati, sauti imeshuka, "waambie. Waambie mbuzi hawana mafua."

"Wewe mwenyewe una kiti?" nikamuuliza.

Mtendaji alikuwepo, na alicheka mpaka akakaa chini. Habari ya kufukia ilifia pale pale sokoni. Hakuna aliyetangaza kuifuta. Iliona aibu tu kurudi. Masanja nilimtetea, ndiyo. Nilikwenda nikakagua mbuzi wake mbele za watu, nikagonga muhuri, nikala mishikaki. Hiyo ilikuwa kwenye bomba langu.

Niliendelea na kazi miaka mingine, nikapangiwa Nkololo kwenye ng'ombe wengi kuliko nyota, nikastaafia hapa hapa Bariadi. Muhuri nimerudisha. Watu wananiuliza kazi ile ilinifunza nini. Ilinifunza kwamba jina baya linatembea haraka kuliko ugonjwa wenyewe, na kumtuliza aliyeogopa kunataka subira kuliko kumtuliza nguruwe anayepimwa joto. Kila Idi Mama Kabula ananiletea jogoo mzima, nimchinje mwenyewe. Anasema, "Baba, nimekuletea kiti baridi." Kile kigoda hakikaliwi na mteja. Amekitundika ukutani.

Juzi alinipigia mkaguzi wa sasa, binti mchapakazi wa chuo. Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye simu, mafua mapya tena, nguruwe tena.

"Mzee, wananiambia kama ni salama nile mbele yao."

"Sasa si ule, mwanangu? Wewe huna kizuizi."

"Mzee, mimi nyama siligi kabisa. Tangu siku ya kwanza machinjioni."

Nilicheka hadi Mama Zuhura akaja kuangalia kama napumua.

"Basi nenda kwa Mama Kabula," nikamwambia, "mwambie akushushie kile kiti."

"Halafu nikae tu?"

"Halafu ukae. Lakini mwanangu, pima joto kwanza."