Mlima wa Kukimbia, Mteremko wa Kutembea

Enzi zetu hakuna mtu aliyekimbia ili apunguze tumbo. Tumbo lenyewe la kupunguza lingetoka wapi? Tulikimbia kwa sababu shule ilikuwa mgongoni mwa kilima kimoja na sisi mgongoni mwa kingine, na katikati kulikuwa na mto, msitu, na baridi ya Tetu isiyowahurumia watoto wenye magoti wazi. Siku hizi watu wanatoka Nyeri mjini Jumamosi asubuhi wakiwa na viatu vya rangi ya chungwa, wanateremka garini pale ukingoni mwa msitu, wanajinyoosha viungo, wanapigana picha, wanajinyoosha tena, halafu ndipo wanakimbia njia ileile niliyokimbia mimi nikiwa na mkebe wa maziwa mkononi. Sisemi kwa kuwadharau. Mimi ni mmoja wao, na viatu vya rangi ya chungwa ninavyo.

Njia yenyewe ilianzia nyuma ya jiko letu, ikapita kwenye majani chai yaliyokuwa yakitulowesha hadi kiunoni, ikapanda kilima cha kwanza na kuingia msituni. Humo ndani kulikuwa na giza la kijani hata saa moja asubuhi. Kulinuka udongo uliolowa, moshi wa mbali, na kinyesi cha ndovu aliyepita usiku, ambacho tulikiruka kwa heshima zote. Pembeni zilisimama thabai, yale majani yanayowasha, zikingoja mguu wa mtu asiye makini. Mbega walitutazama kutoka juu na mikia yao mirefu myeupe kama mashuka yaliyoanikwa. Baada ya hapo njia iliporomoka hadi mtoni, tukavuka kwa gogo, tukapanda tena kilima cha pili. Ukifika juu, ukungu ukiwa umekubali, uliuona Mlima Kenya wote na theluji yake. Hatukusimama kuutazama. Ulikuwa pale kila siku, nasi tulikuwa tumechelewa kila siku.

Tukirudi jioni ndipo tulipocheza. Tulikata magome ya mgomba, tukayakalia, tukateremka nayo mteremko mzima hadi karibu na maji, na kaptura za wavulana zilirudi nyumbani zikiwa na madirisha mawili nyuma. Tulichuma matunda ya msituni yaliyotia ulimi rangi ya zambarau, kisha tukafika nyumbani na kuapa kwamba hatukusimama popote. Wazazi wetu walitutazama ulimi tu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho, Kamau, mwezi wa Julai, wakati ule ambao jua hujificha wiki nzima. Baba alikuwa seremala Nyeri mjini na alikuja nyumbani Jumamosi tu. Dada yangu mkubwa aliishi kwa shangazi Murang'a akisomea huko. Kwa hiyo kazi ya kupeleka maziwa kwenye banda la kukusanyia, lililokuwa njiani kuelekea shule, ikaniangukia mimi. Maziwa yalipaswa kufika kabla ya lori.

Baba alikubali kwa shingo upande. Alimwambia mama kwamba nikimwaga maziwa hata mara moja, nitabaki nyumbani na mtoto kila asubuhi, na mama ayapeleke mwenyewe, hadi baridi iishe. Lilikuwa neno dogo la mzazi aliyechoka, lakini mimi nililisikia nikiwa nyuma ya mlango na nilijua maana yake. Kulikuwa na wasichana wawili wa jirani walioachishwa shule vivyo hivyo, "kwa muda tu." Muda wao haukuisha. Walikuwa wakituona tukipita asubuhi, na tulikuwa tukiwasalimia haraka haraka kana kwamba tulikuwa tumewakosea.

Siku za kwanza nilibeba mkebe vizuri. Kisha ng'ombe wetu akavimba titi moja, maziwa yakapungua, nikatoka nyumbani na mkebe uliofika nusu. Nikafurahi kwamba leo mzigo ni mwepesi. Msituni nikakuta mbega amebeba mtoto mweupe pepe, nikasimama kumwangalia, na niliposhtuka nikasikia lori likinguruma likipanda kilima cha pili. Nilibana kifuniko kwa kiganja na kuporomoka ule mteremko wote kwa mbio ambazo sijawahi kuzifikia tena maishani, nikavuka gogo bila kuliona, nikapanda, nikafika kabla lori halijasimama. Nilikagua mkebe. Hakuna tone lililotoka. Nilijiona shujaa.

Karani wa maziwa alifungua kifuniko, akainamisha mkebe ili nami nione. Juu ya maziwa kulikuwa na chembechembe za manjano.

"Hii siwezi chukua, mtoto," akasema. "Umekuja ukipiga siagi njia yote."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka, si kwa ubaya, maana wao walijua nisichokijua mimi: mkebe uliojaa hutulia, lakini mkebe wa nusu ukitikiswa kwenye mteremko huwa ni kibuyu cha kusukia siagi. Sikuendelea na njia ya shule. Nilirudi nyumbani, na vile vilima viwili nilivivuka nikilia kwa sauti, kwa kuwa msituni hakuna wa kukuambia unyamaze.

Mimi nimepewa jina la mama yake mama, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa pili. Kwa sababu hiyo mama hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita maitu, yaani mama yangu. Siku hiyo alinipokea pale jikoni kwenye moshi, Kamau akiwa kifuani, akachungulia mkebe, akaketi. Nilingoja kofi. Badala yake akamimina maziwa kwenye kibuyu na kuanza kuyasuka yamalizike, maana kilichoanza lazima kiishe.

"Kumbe ulikimbia hata kwa mteremko," akasema. "Maitu, mlima ndio wa kukimbia. Mteremko ni wa kutembea."

Kisha akanipa kiazi kitamu na kunituma shule, nikala viboko viwili vya kuchelewa. Vilikuwa vya haki kwa sheria za wakati ule.

Kesho yake alfajiri nilimkuta mama amesimama nje ya jiko na Kamau mgongoni chini ya blanketi mbili. Mtoto huyo hakutakiwa kuonja baridi, na mzazi huyo alikuwa na wiki tatu tu tangu ajifungue. Alichukua mkebe wa nusu, akaanza kukimbia mlimani, nami nikamfuata. Mama yangu alikimbia! Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Tulipofika kileleni akapunguza mwendo, akakunja magoti, akaukumbatia mkebe tumboni na kushuka akitembea kama mtu anayebeba mgonjwa. Kila kona alinionyesha: hapa kimbia, hapa tembea, hapa shika mzizi ule. Tulipokaribia banda akasimama nyuma ya miti na kunikabidhi mkebe. Hakutaka wanawake wamwone na kichanga kwenye ukungu. Nadhani pia alitaka waone kwamba nimeyaleta peke yangu.

Karani alifungua, akanusa, akamimina. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaanza kurudi, na mbele yake kulikuwa na kilima kizima.

Jumamosi baba alikuja. Tulipokuwa tukila viazi vitamu akauliza kama nimemwaga.

"Hajamwaga hata tone," mama akajibu, na hakusema uongo.

Baba akaitikia kwa kichwa, akachukua kiazi cha tatu, akasema viazi vya wiki hii vina ladha ya namna yake. Mimi nilitazama chai yangu. Mama akamsogezea siagi.

Sikuachishwa shule. Nimefundisha darasa la nne kwa miaka ishirini na saba, na kila jina ninaloita kwenye rejista asubuhi ni deni langu kwa yule mwanamke aliyesimama nyuma ya miti.

Leo gogo la mtoni limekuwa daraja la zege, msitu una uzio, na maziwa yanachukuliwa na pikipiki hadi mlangoni. Watoto wanapelekwa shule kwa bodaboda, halafu wakipata kazi wananunua saa ya kuwaambia wamepiga hatua ngapi. Katika kikundi chetu yuko kijana mmoja, Brayo, anayenicheka kila tukifika juu ya mteremko. "Madam, si ushuke tu mbio," huniambia. "Hii ni ya bure, mlima inakusukuma." Mwezi uliopita alikuja na goti limefungwa bandeji, akashuka akitembea kando yangu. Nilimwonyesha mzizi wa kushika.

Nashukuru kwamba njia bado ipo. Nashukuru zaidi kwa pale inapoishia, maana mteremko wa mwisho sasa unatokea kwenye lango la mama. Amepita miaka themanini na macho yake yamefifia, lakini kila Jumamosi huomba atolewe kiti nje. Kikundi chote hupita mbio mbele yake, viatu vikipiga kishindo, naye haulizi mtu. Hungoja nyayo zinazotembea.

"Maitu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Umemwaga?"

Kila mara nataka kumwambia mengi, na kila mara pumzi inanitosha kwa machache.

"Hata tone, mama."