Nyumba ya Bati ya Redioni

Nikisikia harufu ya betri zilizoanikwa juani namkumbuka Bibi, mama yake Baba, na uongo niliomwambia.

Baba alikuwa mwalimu kule Malolo, katika kijiji kipya cha ujamaa. Sisi tulikuwa tumeshahamia; Bibi alibaki peke yake milimani Vidunda, amegoma kuteremka. Kila likizo tulimpandia na redio yetu, tukaanika betri juu ya jiwe zipate nguvu. Alasiri moja ukaja mchezo wa ajuza aliyehamia kijijini akapewa nyumba ya bati. Bibi aliweka ungo chini, akasogea mpaka sikio likakaribia kugusa redio.

"Huyo mama ni wa wapi?"

Baba alipenda kuunda maneno kama wengine wanavyopenda ugoro. "Hiyo, mama, inaitwa habarigizo," akasema kwa fahari. "Nimeunganisha habari na igizo. Mambo ya kweli, ila watu wanayaigiza."

"Na hiyo nyumba ya bati ni habari au ni igizo?"

Baba akainamia redio, akazungusha kitufe ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Bibi akanigeukia mimi.

"Mke mwenzangu, wewe unakaa huko. Hebu sema."

Huko tulikuwa tunalala chini ya nyasi zinazovuja. Lakini nilikuwa na hamu naye mno, nilitaka nilale naye kila siku.

"Ni habari, Bibi."

Kesho yake alifunga mizigo. Masika yalimkuta katika kibanda cha nyasi, mkeka haukauki, kikohozi hakikatiki. Aliulizia bati mara moja tu. Hakuyafikia mavuno.

Baba aliliandikia neno lake barua, akawapelekea wakubwa wa lugha Dar es Salaam. Hakujibiwa, naye amekwisha kufa, na neno lake pia. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba Waingereza nao wana vipindi vya televisheni vya namna hiyo, wanaviita dokudrama: wamekata dokumentari, wakaishonea drama. Nilicheka, maana Baba angetamba mtaa mzima. Halafu nikalia.

Miaka yote nilidhani siku ile Baba alinyamaza kwa kuwa hakuwa na jibu. Alikuwa nalo. Alishindwa tu kumdanganya mama yake mzazi, nami nikamfanyia kazi hiyo.