Mashine Iliyoombewa

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu haki za mnunuzi. Nasimama mbele ya kidato cha tatu, naandika ubaoni: kurudisha bidhaa, kubadilishiwa, kutengenezewa, kulipwa fidia. Wasichana wananakili, wanapita mtihani, wanasahau. Mimi mwenyewe, kabla ya ile mashine ya mama, sikuwa nimewahi kurudisha hata kiberiti dukani. Kikikataa kuwaka nilikitupa nikanunua kingine, na kesho yake nikaingia darasani na chaki yangu bila haya.

Mikono ya mama ilianza kukataa mwaka mmoja wa mvua nyingi. Amechuma majani chai tangu akiwa msichana, na kukamua ng'ombe asubuhi na jioni kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Viungo vya vidole vilivimba, kucha zikaanza kuelekea upande, na daktari wa Kericho akamwambia aipumzishe hiyo mikono, la sivyo haitafunguka tena. Kwa majani chai alikubali kuajiri wachumaji. Kwa ng'ombe hakutaka kusikia. Alikuwa nao wawili, na walikuwa wamemzoea yeye, mtu mwingine akiwashika wanazuia maziwa.

Kaka yangu anayeishi Kimulot alisema atakuja kuwachukua awaunganishe na wake. Alisema kwa wema kabisa. Mimi nilijua mama hangekubali. Tangu baba afariki, ng'ombe hao ndio wanaomwamsha. Mursik yake, yale maziwa anayogandisha kwenye kibuyu, ndiyo inayowaleta watu mlangoni. Mgonjwa akitoka hospitali anapelekewa, aliyejifungua anapelekewa, mgeni wa kanisa hatoki bila kunywa. Bila ng'ombe angekuwa mama mzee wa kuletewa vitu, na mama hajui kuletewa.

Kwa hivyo bonasi ya majani chai ilipotoka tulikwenda mjini, mimi na yeye, tukaingia duka moja la vifaa vya mifugo. Mwenye duka alikuwa mtu mchangamfu wa makamo, na kofia yake haikuwahi kutoka kichwani hata akiinama. Alituonyesha mashine ya kukamulia: injini ndogo ya umeme, mipira mieusi, ndoo ya chuma na vikombe vinne vya kuvisha chuchu.

"Mama, hii ng'ombe mbili unamaliza kabla chai ichemke," alisema. "Wacha niweke maji kwa ndoo tujaribu, uone vile inavuta."

Mama alimshika mkono. "Hapana. Haijaombewa."

Kwetu kitu kipya cha maana hakiwashwi kabla ya kuombewa. Tangi la maji liliombewa kabla halijapokea tone, na pikipiki ya binamu yangu ilisukumwa kwa miguu kutoka barabarani hadi nyumbani ili isije ikawashwa kabla ya pasta kufika. Nimelelewa hivyo. Nilisimama pale dukani, mwalimu mzima wa somo la biashara, na badala ya kusema tuijaribu kwanza nikatikisa kichwa kukubaliana na mama. Nilichodai ni risiti tu. Kwa chini ilikuwa imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mwenye duka alileta kitabu cha kupokea mzigo, mama akatia sahihi. Sahihi ya mama ni kitu cha kutazama. Alijifunza kuiandika kwenye ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, akiwa tayari na watoto wanne. Inaanza kwa herufi kubwa iliyosimama wima, na mwishoni inatoa mkia unaopita chini ya jina lote kisha unarudi juu. Hata siku ile, kwa vidole vile, mkia ulitoka. Mwenye duka akaisifu, na mama akamwalika kwenye maombi.

Boksi lilikaa sebuleni limefungwa karibu wiki mbili, mpaka pasta akapata nafasi. Akina mama wa kanisa walikuja na vitenge vyao vya kufanana, tukapika, tukaimba, pasta akaweka mkono juu ya mashine na mwingine juu ya mama. Mwenye duka naye alikuja. Alikula akashiba, akanywa mursik vikombe viwili, akapiga picha nyingi. Jioni tukaenda wote kwenye kibanda cha kukamulia kushuhudia. Mashine ilinguruma, vikombe vikashika, maziwa yakatokeza kidogo kwenye mpira, kisha vikombe vyote vinne vikaanguka kwenye samadi. Tukajaribu mara tatu. Watu walicheka, si kwa ubaya.

"Imeona aibu," mama alisema. "Watu ni wengi. Kesho itazoea."

Mwenye duka akaitikia haraka kwamba ndiyo, mashine mpya huwa hivyo, na ng'ombe pia lazima izoee. Mimi nikarudi shuleni. Kila nilipopiga simu mama alinijibu kwamba mashine inafanya kazi vizuri sana, mpaka majirani wanaisikia.

Na kweli walikuwa wanaisikia. Shule zilipofungwa nilikwenda nyumbani, na asubuhi ya kwanza, jua likianza kugusa vilele vya majani chai, niliamshwa na mngurumo kutoka kibandani. Nilifurahi. Nikachukua kikombe niende nikapate maziwa ya moto. Nilipochungulia, injini ilikuwa imewashwa pembeni peke yake, vikombe vimening'inizwa kwenye msumari, na mama yangu yuko chini ya ng'ombe kwenye kigoda chake, anakamua kwa mikono. Hakuwa anatumia vidole tena. Alikuwa anabana chuchu kati ya viganja viwili na kuvuta, na kila akivuta anauma mdomo wa chini.

Nilizima ile mashine kwa teke.

"Washa," mama alisema bila kugeuka. "Watu watajiuliza."

Sina subira, hilo kila mtu kwetu analijua. Nilimwambia mama kila kitu ninachofundisha, pale pale kwenye samadi, kwa sauti ya darasani. Nilimwambia maandishi ya chini ya risiti hayawezi kufuta sheria. Aliyenunua mashine ya kukamua na kumweleza muuzaji kazi yake anastahili mashine inayokamua. Isipokamua itengenezwe, au ibadilishwe, au pesa zirudi. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?" aliuliza. "Sasa niambie. Kitu kimeombewa na kanisa lote, nitakirudishaje? Nimwambie pasta arudi achukue maombi yake? Na yule mtu alikula kwangu."

Nilikwenda mjini peke yangu. Mwenye duka alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, halafu akatoa simu. Kwenye picha yuko yeye, pasta na mama, wote wanatabasamu, na mashine katikati imevishwa kitambaa.

"Mwalimu, hapa mlikuwa mnafanya nini kama si kupokea mali yenu? Hiyo ni zaidi ya miezi miwili. Na mimi nilitaka kuijaribu na maji hapa hapa, mama yako akakataa. Sasa makosa ni yangu aje?"

Hoja yake niliijua. Niliifundisha mimi mwenyewe: mnunuzi akikaa na kitu muda mrefu kama mtu aliyeridhika, haki yake ya kukirudisha inaweza kumponyoka. Nilirudi nyumbani nimenywea. Usiku huo sikusoma chochote, lakini kesho yake nilifungua vitabu vyangu, na hapo nikakuta kitu nilichokuwa nakiruka kila mwaka kwa sababu hakitoki mtihanini. Mnunuzi aliyekagua bidhaa kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha. Mama hakukagua. Ule ukaidi wake wa kukataa maji kwenye ndoo, ambao nilikuwa nimeulaani njia nzima, haukuwa umemfunga hata kidogo. Na hata kama muda wa kuirudisha umepita, fidia kwa hasara inabaki. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Niliandika barua. Nilieleza kasoro, nikampa siku kumi na nne kubadilisha mashine na kulipa fidia, la sivyo tukutane kwenye mahakama ya madai madogo, ambako mtu huenda bila wakili. Ilikuwa barua nzuri, nasema bila kujisifu. Ilikuwa na tatizo moja. Mnunuzi hakuwa mimi. Jina kwenye risiti lilikuwa la mama, na bila sahihi yake barua yangu ilikuwa karatasi tu ya mwalimu mwenye hasira.

Mama aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Sikumsukuma. Nilimkanda mikono kwa maji ya moto jioni mbili, bila kuitaja ile barua. Jumapili wakati wa ushuhuda, nikiwa nimekaa nyuma yake, nilimwona anainuka. Anapenda kushuhudia, kwa hivyo watu walianza kupiga makofi kabla hajafungua mdomo.

"Ile mashini mliniombea," alisema, "niliwaambia inakamua. Haijawahi kukamua hata kikombe moja. Nilikuwa nawasha mskie. Nimewadanganya, na mikono yangu imeisha."

Pasta alishuka kutoka madhabahuni, akaja mpaka kwenye benchi la mama.

"Mama, siku ile mimi niliombea hii mikono," alimwambia, akaishika. "Mashini ilikuwa tu hapo karibu. Irudishe, haina shida."

Alitia sahihi barua siku hiyo hiyo, mezani, baada ya chakula. Ilimchukua muda mrefu mpaka nikajifanya naosha vyombo. Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza neno fidia lina maana gani, nikamweleza kwamba tunaweza kudai pia kwa ajili ya vidole vyake. Aliniambia nilifute.

"Vidole sitaki kuuza," alisema. "Nataka mashini."

Nilifuta. Nilipochukua barua niliona herufi kubwa imesimama, imelegea kidogo lakini imesimama, na jina limefika mwisho. Mkia haukuwepo. Palikuwa na nukta ya wino tu, mahali alipokuwa ameweka kalamu na kungoja.

Siku ya tisa tangu nimpelekee mwenye duka barua, pikapu iliingia kwenye boma letu, na mwenye duka akashuka na fundi na boksi jipya. Hakuwa amekuja kugombana. Fundi aliifungua mashine ya zamani pale nje, akatuonyesha ufa kwenye sehemu ya kuvuta hewa, mwembamba kama unywele, chini ya kifuniko ambacho hakuna mnunuzi angekifungua. Mwenye duka aliinama akaupitishia ukucha. Nadhani hakuwa tapeli. Alikuwa mtu aliyeona ni rahisi zaidi kuamini ile picha.

"Leo tunaanza na ng'ombe," mama alimwambia. "Maombi baadaye. Na ni wewe utakamua."

Basi akapiga magoti na viatu vyake vya mjini, akavisha vikombe mwenyewe. Mashine ilinguruma, vikombe vikashika, vikakaa. Maziwa yalikwenda kwenye mpira mpaka ndoo ikaanza kutoa ile sauti nzito ya ndoo inayojaa. Ng'ombe aliendelea kutafuna. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikujali.

Kilichobaki ni kitabu cha kupokea mzigo. Mwenye duka alirudi nyuma kurasa chache afute mapokezi ya mashine ya kwanza, na tukaiona sote, sahihi ya mama na mkia wake unaopita chini ya jina na kurudi juu. Akageuza ukurasa safi, akampa kalamu. Mama alijaribu kuishika kwa njia moja, kisha kwa nyingine, kisha kwa mikono miwili. Ilianguka. Nikainama kuiokota, akanizuia kwa goti.

"Leta wino ya mhuri," alimwambia mwenye duka. "Sahihi yangu ilibaki kwa ile ya kwanza."

Mwenye duka alivua kofia, ndipo akaenda kwenye gari kuutafuta. Mama alibonyeza kidole gumba kwenye karatasi, akakikandamiza kwa kiganja cha mkono wa pili kwa sababu peke yake hakingeweza, kisha akauliza kama pasta ana nafasi Jumamosi.