Mjukuu wangu ana adabu mno, kesho atafeli

Jamani leo nimeogopa, mimi ambaye siogopi hata kiboko.

Mjukuu wangu Neema kesho ana mtihani wa kuongea Kiingereza. Watahiniwa wanakaa wawili wawili, wanajadiliana mbele ya msimamizi. Ukinyamaza, umefeli. Akifeli, nafasi ya chuo imekwenda.

Nikamwambia njoo tufanye mazoezi na babu yako. Kiingereza ninacho, nimeuza spea za magari miaka ishirini dukani kwa bosi Mhindi. Hapa mtaani Pasiansi nani ananiweza?

Mada: mji ujenge soko au uwanja wa mpira.

Nikaongea. Nikaongea weee!

Neema kimya, macho chini.

"Mbona hujibu?"

"Babu, ulikuwa hujamaliza."

Moyo ukalia paa. Hiyo adabu nimemfundisha mimi mwenyewe, kwamba mkubwa akiongea hakatizwi. Na kesho mtahiniwa mwenzake waliyempanga naye ni mwalimu mmoja mtu mzima, ana maneno mengi kuliko mimi!

Nikafoka: "Nikatize! Nibishie!"

"Sawa, babu."

Akanyamaza tena.

Ndugu zangu, mwenye binti mbishi asiyeheshimu mtu, amlete kwangu sasa hivi amfundishe Neema. Sitanii.